Baridi Yabisi

Kilwa Kivinje, mzee akirudi sokoni na kusimama katikati ya njia kujishika shavu la mguu, hakuna anayeshtuka. Atasimama kidogo, atajifanya anaitazama bahari, maumivu yatapoa, naye ataendelea na safari yake. Hatua mia mbili mbele atasimama tena. Akifika barazani ukamuuliza, jibu analo mdomoni: "Baridi yabisi, mwanangu." Basi maji yatainjikwa, mafuta ya nyonyo yatapashwa moto, na mjukuu ataitwa aje kumkanda babu.

Jina hilo lina umri mkubwa. Yabisi ni neno la Kiarabu, maana yake kikavu. Kwa matabibu wa kale, toka Galen wa Wayunani hadi Ibn Sina aliyeandika al-Qanun mwanzoni mwa karne ya 11, mwili ulikuwa mizani ya sifa nne: joto na baridi, unyevu na ukavu. Damu ilihesabiwa kuwa ya joto na unyevu. Kilicho baridi na kikavu ni kinyume chake kabisa. Elimu hiyo ilivuka Bahari ya Hindi kwa upepo uleule uliovusha nguo na vyombo vya udongo, na ushahidi wake umebaki ulimini. Mtu wa kwanza kusema kwa Kiswahili kwamba mguu fulani una baridi yabisi alikuwa anasema, kwa elimu ya zama zake, kwamba mguu huo umepungukiwa na sifa za damu.

Jambo hili hunishangaza kila nikilifikiria. Jina limeukaribia ukweli mno, kisha likaupita. Leo ukilitamka hospitalini, watu huelewa maumivu ya viungo: magoti, nyonga, vidole vinavyokakamaa alfajiri. Lakini chini ya jina hilohilo amejificha mgonjwa mwingine, yule anayesimama njiani. Huyu viungo vyake vizima. Kilichoharibika ni ateri, mishipa inayoshusha damu kutoka moyoni kwenda miguuni. Ndani yake umejengeka utando wa mafuta na chokaa, kama ukoko mweupe unavyojengeka ndani ya birika la maji ya kisima cha pwani, mpaka njia imekuwa nyembamba. Akiwa amekaa, damu inayopita inatosha. Akitembea, msuli unadai zaidi, haipati, unalia. Akisimama, deni linalipika. Mwenye maumivu ya goti huamka mgumu na kulainika kadiri anavyotembea. Mwenye ateri iliyoziba huamka salama, mwendo ndio unaomuumiza. Swali moja tu lingeweza kuwatenganisha wawili hao, na kwa karne nyingi halikuulizwa.

Ulaya nako halikuulizwa mapema. Aliyelijibu wa kwanza kwa maandishi alikuwa daktari wa mifugo, Bouley wa Paris, mwaka 1831, na mgonjwa wake alikuwa farasi wa kukokota gari. Farasi huyo alitoka zizini vizuri, akikimbia kidogo akaanza kuchechemea, akipumzishwa akapona. Alipokufa na kupasuliwa, ateri za mguu zikakutwa zimeziba. Miaka 27 baadaye Charcot, tabibu wa Paris hiyohiyo, akaeleza jambo lilelile kwa binadamu.

Pwani ya Lindi ina sababu yake ya kutouona mguu huu. Huku mguu mgonjwa ni mguu uliovimba. Kutoka Kilwa kushuka Lindi hadi Mikindani, watu wamekua wakiona matende na mabusha, kazi ya minyoo midogo inayopandikizwa na mbu na kuziba njia za majimaji ya mwili. Lindi na Mtwara ni katika mikoa iliyoumia zaidi nchini. Mpango wa taifa wa kugawa vidonge vya kuuzuia ugonjwa huo ulianzia Mafia mwaka 2000, kisha ukaenea pwani nzima, na wanaume waliokuwa wakificha mabusha chini ya kikoi wakaanza kujipanga kupasuliwa. Mguu wa tende huonekana toka mbali. Mguu uliokosa damu hufanya kinyume: hukonda, hupoteza malaika yake, ngozi hung'aa kama iliyopakwa mafuta, kucha huwa nene na kupinda, na ukiugusa ni baridi. Hauna kinachovuta jicho. Watu waliozoea kuutambua ugonjwa kwa uvimbe hawawezi kulaumiwa kwa kupita kando yake.

Tofauti ya miguu hii miwili mtu anaweza kuishika kwa mkono wake. William Harvey, mwaka 1628, katika kitabu kidogo kilichowakasirisha wasomi wengi, alieleza jaribio la kamba. Funga mkono juu ya kiwiko, ukaze sana. Kiganja hupauka, mapigo kwenye kifundo hupotea, na kidogokidogo baridi hupanda vidoleni. Sasa legeza kamba kidogo tu, usiifungue. Mapigo yanarudi, lakini mishipa ya juujuu inatuna, kiganja kinajaa na kuwa chekundu. Kamba ilipokazwa ilizuia damu inayokuja. Ilipolegezwa ikaruhusu inayokuja na kuzuia inayorudi. Hapo Harvey alikuwa na hoja yake kwamba damu inazunguka. Zaidi ya miaka 300 kabla yake, Ibn al-Nafis, tabibu aliyefariki Cairo mwaka 1288, alikwisha kuandika kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni, ndipo ikafika kushoto. Ibn Battuta aliposhuka Kilwa mwaka 1331 na kupokewa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa jina la Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, ugunduzi huo ulikuwa umekwisha andikwa. Haukuwa na wasomaji wengi, huko wala huku.

Wavuvi wetu waliijua kamba hiyo bila Harvey. Mtu akichomwa na mwiba wa taa, au akiumwa na nyoka shambani, kitu cha kwanza ni kamba, tena ikazwe, sumu isipande. Kisha safari ya kutafuta mganga ianze. Kamba hubaki saa nne, tano, saba. Ndivyo ilivyo kwa banzi za waunga mifupa: mfupa umevunjika, mguu unavimba ndani ya fito zilizokazwa kwa kitambaa, mgonjwa analia kwamba vidole vimekufa ganzi na anaambiwa avumilie. Madaktari wa upasuaji Afrika Mashariki nzima wameikata miguu ambayo nyoka hakuiua, wala mfupa haukuiua. Kamba ndiyo iliyoiua.

Na kuna chuku. Mwenye baridi yabisi isiyosikia mafuta hupelekwa kwa mtaalamu wa kuumika, naye huchanja ngozi, huweka pembe, akavuta ile "damu mbaya." Kwa mgongo wa kijana mwenye nguvu, vidonda hivyo hukauka kwa siku chache. Kwa mguu usiopata damu, kila chale ni kidonda kisicho na cha kukijenga upya. Moto nao ni hivyohivyo. Ukiupasha mguu kwa maji ya moto au chupa iliyofungwa kitambaa, nyama yake inadai damu zaidi, nayo haiji. Ngozi isiyo na damu ya kuipoza huungua kwa joto ambalo mguu mzima usingelijali. Mjukuu anamkanda babu yake kwa mapenzi, na usiku lengelenge linatokea kisiginoni.

Kidonda kilichokataa kupona Waswahili walikwisha kukipa jina: donda ndugu. Katika karne ya 19 jina hilo lilisafiri na misafara. Kilwa Kivinje ilikuwa mlango wa njia ya Nyasa, na katika miaka ya 1860 watumwa wanaokadiriwa kufikia 20,000 walipitishwa hapo kwa mwaka mmoja, wametembea wiki kwa wiki na makongwa shingoni. Miguu iliyochubuliwa na miiba, midomo isiyopata chakula cha kutosha, na kidonda kidogo kinageuka shimo linaloonyesha mfupa. Livingstone aliyajua madonda hayo mwilini mwake. Mwaka 1870, huko Bambarre katika nchi ya Wamanyema, yalimlaza ndani ya kibanda karibu siku 80, akijitibu kwa unga wa jiwe la kijani la shaba, na akaandika katika shajara yake kwamba madonda kama hayo yaliwaua watumwa wengi. Yeye hakuwa na ugonjwa wa ateri. Lake lilikuwa donda la vijidudu na utapiamlo. Lakini jina ni moja, na hilo ndilo tatizo la jina zuri: hubeba kila kitu. Nyaraka za forodha zilihesabu vichwa vilivyopakiwa majahazini. Miguu iliyobaki njiani hakuna aliyeihesabu.

Kisha akaja funza. Mdudu huyu si wa kwetu. Alishuka Angola kutoka kwenye meli iliyotoka Brazil mwaka 1872, akalivuka bara zima miguuni mwa wapagazi, na kabla karne haijaisha alikuwa amefika pwani ya Bahari ya Hindi. Vita Kuu ya kwanza ilimkuta amestarehe. Waingereza walishusha jeshi Kilwa Septemba 1916, na mwaka uliofuata mapigano yakasogea kusini, Narung'ombe mwezi Julai, kisha Mahiwa, karibu na Nyangao, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba. Mahiwa ndiko vita vya pwani ya Lindi vilikomwaga damu kuliko kwingine kote: upande wa Waingereza peke yake ulipoteza watu zaidi ya 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa, wengi wao askari wa Nigeria, wa King's African Rifles (KAR) na wa India. Nyuma yao walikuwa wapagazi, wale wa Carrier Corps walioacha jina lao Kariakoo, vidole vimeliwa na funza, wanabeba risasi na mchele.

Risasi ikikata ateri ya paja mwaka 1917, daktari alikuwa na kazi moja tu: kuifunga. Kufunga huokoa maisha na kuuacha mguu ujitafutie. Kama vijimshipa vya pembeni vitaweza kubeba mzigo, vizuri. Visipoweza, baada ya siku chache vidole vinakuwa vyeusi na msumeno unaletwa. Hesabu ya wazi tunayo kutoka vita iliyofuata. DeBakey na Simeone, madaktari wa Marekani, mwaka 1946 walikusanya majeraha 2,471 ya ateri ya wanajeshi wao. Karibu nusu ya waliofungwa ateri walikatwa kiungo. Na hao walikuwa na magari ya wagonjwa, damu ya kuongezwa na penisilini.

Kilichouma zaidi ni kwamba ujuzi wa kushona ateri ulikuwepo tangu mwaka 1902. Alexis Carrel wa Lyon, Ufaransa, alikwenda kujifunza mishono kwa mwanamke mdarizi wa mji huo, akatumia sindano nyembamba na uzi wa hariri kuunganisha mishipa miwili ncha kwa ncha bila kuvuja. Mshona kofia wa pwani yetu, anayetoboa vitundu elfu kwenye kofia moja bila kukosea, angemwelewa upesi kuliko maprofesa wengi. Carrel alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Lakini damu iliyoguswa huganda, na mpaka dawa ya heparini ilipopatikana, mishono yake ilibaki zaidi ya maabara kuliko ya wodi.

Mji uliofuata katika hadithi hii ni Lisbon, na hapa mtu wa Kilwa ana haki ya kutabasamu. Kutoka Lisbon alitoka Francisco de Almeida, aliyeiteka Kilwa Julai 1505 na kujenga ngome ambayo mahali pake leo panaitwa Gereza. Miaka zaidi ya 400 baadaye, Lisbon hiyohiyo, Reynaldo dos Santos alichoma sindano ndefu mgongoni hadi kwenye mshipa mkuu, akaingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei, na mwaka 1929 akatoa picha za ateri za tumboni na miguuni za mtu aliye hai. Sasa daktari aliweza kuona mahali palipoziba kabla ya kushika kisu. Mwanawe, João Cid dos Santos, mwaka 1946 akaifungua ateri ya paja na kuukwangua ule utando kwa ndani, mshipa ukapitisha damu tena. Mwaka 1948 Jean Kunlin wa Paris akatoa vena ya mgonjwa mwenyewe, mshipa unaorudisha damu moyoni, na kuiunga iwe njia ya kuzunguka palipoziba. Na tarehe 16 Januari 1964, huko Portland, Marekani, Charles Dotter alimpokea bibi wa miaka 82 ambaye mguu wake ulikuwa umeanza kuoza na ambaye alikataa katakata kukatwa. Dotter akapenyeza waya kupitia mshipa wa paja, kisha mirija juu ya waya, mwembamba ukifuatwa na mnene, akaitanua njia kwa ndani. Mguu ukapata joto. Bibi aliishi takriban miaka mitatu zaidi akitembea kwa miguu yake. Andreas Grüntzig wa Zürich alibadilisha mirija kwa puto linalojazwa mahali penyewe, mwaka 1974, na kazi hiyo ndiyo inayofanyika hadi leo.

Kusini mwa Tanganyika wakati huo mambo yalikuwa mengine. Leader Stirling, daktari Mwingereza wa upasuaji, alifika Lulindi, Masasi, mwaka 1935 kutumikia misheni ya Kianglikana ya UMCA, na baadaye akahamia Mnero, Nachingwea, kwenye misheni ya Wakatoliki. Alikaa, akawa raia, akawa mbunge, na kuanzia 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Daktari wa misheni hakuwa na nafasi ya kuchagua sehemu ya mwili: asubuhi uzazi, mchana ngiri, jioni mguu uliooza. Ndanda, Nyangao na Mnero zilibeba upasuaji wa eneo zima, na makambi ya wenye ukoma yalikuwa karibu. Naamini ukoma ndio uliowafundisha wauguzi wa kusini somo la miguu. Mgonjwa asiyesikia maumivu hukanyaga msumari na kulala nao. Kwa hiyo muuguzi alijifunza kuuosha mguu, kuugeuza, kutazama katikati ya vidole, kukata sugu, kumshonea mtu viatu vyake. Somo hilo lingehitajika tena, kwa wagonjwa ambao hawajawahi kuwa na ukoma.

Maana kisukari kilikuwa njiani. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha matokeo ya vipimo vya vijiji sita vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika watu wazima mia. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, uliopima wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta tisa katika mia. Njia za kupima hazikuwa zilezile, na mjini si kijijini, lakini hakuna mtu aliyekaa kwenye kliniki za wilaya miaka hiyo anayehitaji hesabu kumthibitishia. Kisukari huushambulia mguu kwa mikono miwili. Huua hisia, na huharakisha kuziba kwa ateri, hasa zile ndogo zilizo chini ya goti. Ukiongeza shinikizo la damu na sigara, mbio zinakuwa kubwa. Sigara ina kesi yake peke yake; hakuna kitu kinachoiharibu ateri ya mguu kuliko hiyo.

Zulfiqarali Abbas, daktari wa Muhimbili aliyeifanya miguu ya wenye kisukari kuwa kazi ya maisha yake, alieleza na wenzake mwaka 2005 jambo ambalo madaktari wa nchi baridi walilisoma mara mbili: wagonjwa wa Dar es Salaam waliokuja na vidonda vilivyotokana na panya. Mtu amelala, vidole vimekufa ganzi, panya anatafuna, yeye anagundua asubuhi kwa damu ya shuka. Sisi tulioambiwa utotoni kwamba panya huuma huku akipuliza hatuoni ajabu. Mwaka 2004 Abbas na wenzake wa India walianzisha mpango ulioitwa Step by Step, wa kufundisha daktari mmoja na muuguzi mmoja kutoka hospitali moja, wapewe vifaa, warudi kwao wafundishe wengine. Katika taarifa zao za Dar es Salaam waliandika pia kwamba zamani vidonda vingi vilikuwa vya ganzi tu, na kwamba sasa wale wenye mishipa iliyoziba wanaongezeka.

Vifaa vyenyewe si vya kutisha. Kuna uzi mnene wa nailoni, kama mshipi wa kuvulia changu, unaobonyezwa kwenye wayo mpaka upinde kwa uzito wa gramu 10. Mgonjwa amefumba macho, aseme akiusikia. Kuna kifaa cha kupimia presha kilekile cha kila zahanati. Na kuna kikalamu kinachotoa mawimbi ya sauti yasiyosikika, ambacho hutumia kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842 akiwa anafikiria nyota: mawimbi yakigonga kitu kinachosogea hurudi yamebadilika. Damu inayosogea huyabadilisha, na kikalamu huyageuza kuwa mvumo.

Lakini kabla ya kalamu kuna vidole. Nitaeleza inavyofanyika, kwa kuwa ni kazi ya dakika moja na mtu yeyote anaweza kuijaribu mguuni mwake usiku wa leo. Mzee amelala chali. "Shikamoo, babu. Vua kandambili." Muuguzi anaweka vidole viwili juu ya wayo, kwenye mstari unaoteremka kuelekea nafasi kati ya kidole gumba na cha pili. Habonyezi, akibonyeza sana atauziba mshipa mwenyewe na kuhesabu mapigo ya vidole vyake. Anangoja. Kisha nyuma ya kile kifundo cha ndani, kwenye bonde kati ya mfupa na kano ya kisigino. Mguu wa kulia: tap, tap, tap, wa uhakika. Mguu wa kushoto kimya. Anaunyanyua mguu huo juu kwa muda, wayo unakuwa mweupe kama karatasi. Anamwambia akae na kuuning'iniza, nao unarudi rangi taratibu, kisha unakuwa mwekundu mno, wekundu wa kudanganya. Kwa ngozi nyeusi hayo hutazamwa kwenye unyayo, si juu.

Sasa presha. Mkono unasoma 150. Mkanda unafungwa juu ya kifundo cha mguu, jeli inapakwa, kikalamu kinatafuta. Kulia kinatoa sauti ya mapigo matatu ya haraka, kama mtu anayepepeta mchele kwenye ungo. Kushoto ni upepo tu, fuu, fuu, mrefu na mchovu. Kifundo cha kushoto kinasoma 75. Unagawa kifundo kwa mkono: nusu. Mguu mzima hutoa moja au zaidi kidogo. Chini ya 0.9 ateri ina ugonjwa. Nusu ni ugonjwa mkubwa. Ikizidi 1.4 usishangilie, kwa mwenye kisukari maana yake mara nyingi mshipa umekuwa mgumu kama bomba na mkanda unashindwa kuubana.

Tiba inaanza na mambo yasiyo na utukufu. Sigara iachwe, si ipunguzwe. Aspirini ndogo ya kila siku, dawa ya kushusha mafuta, presha na sukari vishikwe. Viatu vya kufunika vidole. Moto, chuku na kukandwa marufuku. Na kutembea: atembee mpaka shavu la mguu limuume kweli, asimame, likitulia atembee tena, nusu saa au zaidi, siku nyingi za wiki, kwa miezi. Wazee huona kama utani. Lakini Rufiji mlango mmoja ukijaa mchanga, maji hutafuta vijito vya mikokoni, na kadiri yanavyopita vijito hupanuka. Ndivyo vijimshipa vya pembeni vinavyofanya, vikilazimishwa. Wengi hawahitaji zaidi ya hapo. Anayehitaji zaidi ni yule ambaye mguu unamuuma hata usiku kitandani, anayelala ameuning'iniza, au mwenye kidonda cheusi kidoleni. Huyo ni wa puto au wa kuungwa mshipa, na kwa hayo lazima asafiri.

Kwa mgonjwa wa aina nyingine hata neno safari ni refu mno. Bonge la damu likitoka kwenye moyo unaopiga ovyo, likasafiri na kunasa pajani, mguu uliokuwa mzima asubuhi unakuwa wa maiti mchana. Tangu mwaka 1963 dawa yake inajulikana: Thomas Fogarty wa Marekani alibuni mrija mwembamba wenye kiputo mwishoni, unaopenyezwa kupita bonge, kiputo kikajazwa na bonge likavutwa nje. Lakini msuli usiopata damu huanza kufa baada ya muda wa saa sita hivi. Kutoka Lindi hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 450. Kabla ya mwaka 2003 hapakuwa na daraja juu ya Rufiji. Kulikuwa na kivuko cha Ndundu, na masika ikija kusini ilikatwa na nchi, siku au wiki. Daraja la Mkapa, karibu mita 970, lilipofunguliwa mwaka huo, magazeti yalizungumzia korosho na mabasi. Halikuandikwa kwenye hesabu za ujenzi kwamba lilikuwa pia kifaa cha tiba ya ateri, lakini lilikuwa. Lami ilifuata polepole. Na bado: Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, watu walikaa siku kadhaa ng'ambo ya maji wakiangalia wenzao ng'ambo ya pili.

Mwisho wa barabara, Muhimbili, ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyosimama peke yake mwaka 2015, yenye chumba cha kupitisha mirija mishipani. Zamani neno "India" ndilo lililotajwa kwa upasuaji wa mishipa, na lilimaanisha kamati, barua, na kungoja.

Basi mzee wetu ameandikiwa rufaa, kwa kuwa kidole gumba cha kushoto kimeanza kuwa cheusi ubavuni. Gari linaondoka alfajiri. Muuguzi anachukua kalamu ya wino, anapapasa tena wayo wa kulia mpaka anapapata, anachora alama ndogo ya mkato hapo hapo kwenye ngozi. Nyingine nyuma ya kifundo. Ndivyo wanavyofanya, ili atakayempokea huko mbele asianze kutafuta upya.

"Umeandika nini hapo, mwanangu?"

"Hapa ndipo damu inapopita, babu."

Mzee anauinua mguu wa kushoto, anautazama chini ya taa, juu na chini. Hauna alama.